Sura ya Tano: Pampu Isiyopumzika

Mlango wa chumba cha betri ulikuwa umeng'olewa bawaba zote, na walioung'oa hawakuwa wezi. Walikuwa majirani wa zahanati, jana asubuhi, wakimtafuta mlinzi wamtoe roho. Walimkuta amejikunja nyuma ya betri, wakamburuta kwa miguu hadi uani. Polisi walipofika, mzee alikuwa na mkono uliovunjika, jicho moja lililofumba, na kosa ambalo mtaa mzima ulikuwa umeshalihukumu: alichaji simu za watu kwa umeme wa zahanati mpaka betri zikakauka, mashine ya oksijeni ikazimika saa kumi alfajiri, na mtoto mchanga wa siku mbili akafa.

Watu walimwita Babu Chaji. Jina hilo lilikuwa la utani mpaka juzi. Sasa lilikuwa hati ya mashtaka.

Inspekta aliingia akiwa ameshika futi yake ya chuma, ile iliyomfanya aitwe Mama Futi kituoni akiwa hayupo. Konstebo wake alibaki kizingitini akitazama saa.

"Gari la mahabusu linaondoka saa kumi kamili, afande. Mkuu wa kituo anataka faili liende pamoja na mzee. Akishaingia gereza la mjini, basi tena. Kumtoa huko ni mwaka."

"Sasa saa ngapi?"

"Saba na robo."

"Basi tuna muda wa kufanya kazi iliyotakiwa kufanywa jana, mlipokuwa mnamvunja mzee mkono."

"Si sisi tuliomvunja, afande. Ni raia."

"Raia walimvunja. Ninyi mkamfunga pingu kwenye mkono huohuo. Niambie kipi ni kibaya zaidi, nikiandike."

Konstebo alielekeza kidole kwenye rafu. Palikuwa na simu kumi na nne zimepangwa kama samaki mezani, kila moja imefungwa kipande cha karatasi chenye alama ya mwenyewe.

"Ushahidi huo hapo. Na yeye mwenyewe amekubali."

"Amekubali kuchaji simu. Hajakubali kuua mtoto." Inspekta alitoka, akavuka korido hadi wodini, akarudi baada ya dakika tatu akiwa na tarakimu kwenye daftari. Alikuwa amesoma kibati nyuma ya mashine ya oksijeni. "Sikiliza. Simu kumi na nne, zikiwa tupu kabisa na zikichajiwa mpaka zijae, zinakula umeme ambao mashine ile inaula kwa nusu saa. Nusu saa tu. Mashine ilizimika saa kumi alfajiri. Jua likaiwasha tena saa moja asubuhi. Hizo ni saa ngapi?"

"Tatu."

"Mzee kaiba nusu saa. Hizo saa mbili na nusu kaziiba nani?"

Konstebo alijikuna shingo. "Labda betri ni mbovu."

Hoja hiyo ilikuwa ya haki, kwa hiyo Inspekta aliitendea haki. Betri zilikuwa nane. Tarehe zilizochongwa ubavuni zilionyesha hazijafikisha miaka miwili. Hakuna iliyovimba, hakuna iliyovuja. Vichwa vya nyaya vilikuwa vimepakwa mafuta ya mgando ili visiote kutu, na sakafu chini yake ilikuwa imefagiwa kuliko sakafu ya wodini. Aliyekuwa akizitunza alikuwa mtu wa kazi.

Kisha akatazama kisanduku cha kuongozea umeme kilichokuwa ukutani. Kilikuwa na taa tatu: kijani ya betri zilizojaa, njano ya katikati, nyekundu ya betri zinazokaribia kuisha. Iliyowaka ilikuwa nyekundu.

"Nenda nje uniambie jua likoje."

"Mama yangu! Jua la kupasua kichwa, afande. Tangu asubuhi."

"Na paneli?"

"Ishirini na nne, safi, zinametameta."

"Jua la kupasua kichwa tangu asubuhi, paneli ishirini na nne, na betri hazijapata kitu. Huo ndio wizi wenyewe. Bado unaendelea, sasa hivi, na mshitakiwa wenu yuko mahabusu. Ana mkono mrefu sana huyo mzee. Na ule mwingine umevunjika."

Asubuhi ile, mahabusu, mzee alikuwa amemwambia maneno machache kupitia midomo iliyovimba. "Mwanangu, nilimwambia Daktari mara tatu. Nikamwambia taa ni nyekundu. Akasema ni mawingu. Mwanangu, hapakuwa na mawingu." Mkuu wa kituo alicheka aliposikia. Inspekta aliyaandika.

Mzee alikuwa amesema pia kwamba taa ile nyekundu ikiwaka, king'ora hulia. Sasa taa ilikuwa inawaka na chumba kilikuwa kimya. Inspekta alisogeza uso karibu na kisanduku. Chini ya taa palikuwa na vitundu vidogo saba vya king'ora, na juu ya vitundu hivyo mtu alikuwa amebandika plasta nyeupe ya hospitali, tabaka tatu, kingo zimekatwa kwa mkasi, zimenyooka kabisa. Aliibandua. Sauti kali ikatoka kama jino linalong'olewa, hadi konstebo akaziba masikio, ikalia dakika nzima kabla ya kukatika.

"Muuguzi wa zamu ya jana yuko wapi?"

Alikuwa chumba cha kufungia vidonda, mwanamke mfupi ambaye hakuwa amelala siku mbili. Aliposikia king'ora alitoka mwenyewe, akasimama kwenye korido.

"Hicho kingelia juzi," alisema, "ningejua jioni. Ningempigia simu dereva, mtoto apelekwe hospitali kubwa mapema. Mashine ilizima ghafla, afande. Nikachukua ule mpira wa kusukumia hewa kwa mkono. Nimesukuma tangu saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasoro. Mikono yangu hii. Mama yake ananishikia tochi."

"Sista, plasta hii inatoka wapi?"

Muuguzi aliigeuza kidoleni. "Kabati langu. Hatuna nyingine ya upana huu."

"Funguo za kabati anazo nani?"

"Mimi, na mwenzangu wa zamu ya mchana."

"Mlinzi?"

"Babu? Babu hata kucha akijikata huja kuniomba mkasi."

"Kwa hiyo nani alikuomba plasta?"

Muuguzi alitazama mlango uliokuwa mwisho wa korido, ule wenye kibao cha mganga mkuu, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari. Alishusha sauti, kisha akaona haya kwa kuishusha, akaipandisha.

"Daktari. Siku nane zilizopita. Akasema kelele za kile kisanduku zinaamsha wagonjwa. Nikamkatia mwenyewe, vipande vitatu. Nikadhani anajua anachofanya. Si ndiye mkubwa?"

"Utayaandika hayo?"

"Nipe kalamu kabla sijaogopa."

Inspekta alimpa kalamu. Aliporudi uani, konstebo alikuwa amejiegemeza kwenye nguzo ya tangi la maji, kivulini, akisikiliza mngurumo mwembamba uliotoka kisimani.

"Pampu nzuri hii," alisema. "Haichoki. Wanawake pale bombani wananiambia siku hizi inapiga kazi kutwa nzima. Zamani saa tano ilikuwa imeshazima. Wanasema Daktari kaleta maendeleo."

"Rudia."

"Kaleta maendeleo."

"Kabla ya hapo."

"Zamani saa tano ilikuwa imeshazima. Sasa mpaka jioni."

Inspekta alirudi chumba cha betri, konstebo nyuma yake, akafungua mlango mdogo wa kisanduku. Kwa ndani, fundi aliyefunga mitambo alikuwa amebandika mchoro, na chini yake ameandika kwa herufi kubwa, kama mtu anayejua wasomaji wake hawana subira: TANGI KWANZA. LIKIJAA, BOYA HUPANDA, PAMPU HUZIMA, UMEME WOTE WA JUA HUENDA KWENYE BETRI. BOYA LISIPOPANDA, BETRI HAZILI.

Alimsomea konstebo mara moja. Hakurudia.

"Kumbe pampu ikikimbia kutwa..." konstebo alianza.

"Betri zinapata makombo ya jioni, jua likishalegea na pampu kushindwa. Kila siku zinatoa zaidi ya zinavyoingiza. Wiki ya kwanza hakuna anayeona. Wiki ya tatu mashine inazima alfajiri. Lete ndoo."

Kwenye bomba lililopanda tangini palikuwa na koki ya kupimia. Waliweka ndoo ya lita ishirini, konstebo akatazama saa. Ilijaa kwa sekunde ishirini. Lita moja kwa sekunde. Elfu tatu na mia sita kwa saa. Tangi lilikuwa la lita elfu kumi. Pampu ilikuwa imeamka saa mbili asubuhi, na sasa ilikuwa saa nane.

"Saa sita zimepita. Zimepanda lita elfu ishirini na moja na ushee," alisema Inspekta. "Zimeingia kwenye tangi la elfu kumi, kwa zahanati yenye vitanda sita na bomba moja la mtaa. Yaliyobaki yako wapi? Nishikie viatu."

"Afande, ngazi ile ni mbovu. Niache mimi..."

"Wewe ulikuwa na siku nzima ya kuipanda."

Alipanda. Mfuniko wa tangi ulikuwa na kufuli ya zahanati, lakini ilikuwa imefunguliwa kwa ufunguo, haijavunjwa. Ndani, maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye tundu la bomba la kufurikia, yanatoka kwa kishindo. Boya, mpira mwekundu wa ukubwa wa boga, halikuwa juu ya maji. Lilikuwa futi mbili chini yake, limefungwa kwenye kipago cha ngazi ya ndani kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kwa fundo la mtu anayefunga vitu kila siku. Lilikuwa linahangaika kupanda kama mtu anayezamishwa. Inspekta alipima kina, akaandika. Alipiga picha nne. Kisha akakata ukanda kwa kisu, akiacha fundo lenyewe zima, akalitia kwenye mfuko wa ushahidi.

Boya likaruka juu. Chini, mngurumo ukakatika. Wanawake bombani wakaguna.

"Njano!" konstebo alipiga kelele kutoka chumba cha betri, baada ya muda. "Afande, imeenda njano!"

Akiwa bado juu, Inspekta aliangalia lile bomba la kufurikia. Lilitakiwa limwage maji kwenye kokoto chini ya nguzo. Badala yake lilikuwa limevishwa mpira mweusi uliozama ardhini, na juu ya ardhi ile majani yalikuwa yameota mstari mmoja wa kijani, ulionyooka hadi kwenye uzio na kupita chini yake. Kwa nyuma ya nyumba ya Daktari, upande huohuo, ulikuwa umepandishwa ukuta mpya wa matofali, mrefu kuliko haja.

"Fuata ule mstari wa majani," alimwambia konstebo aliposhuka. "Uone unaishia wapi. Usiseme na mtu. Niletee tofali moja kama yapo."

Konstebo alikwenda akikimbia. Alirudi akitembea. Alikuwa na tofali bichi mkononi, na juu ya tofali kulikuwa na alama ya vidole vitatu, iliyobonyezwa kabla udongo haujakauka.

"Yapo," alisema. "Matofali, shimo la udongo, na mpira unatiririka. Na tyubu zilizochanwa ukanda ukanda, rundo." Alimeza mate. "Afande, pale ni kwa mfyatua matofali. Baba wa marehemu."

Inspekta alichukua tofali. Kwa muda alilipima, urefu, upana na kimo, ingawa hapakuwa na haja ya vipimo vile.

"Mlalamikaji," alisema.

"Ndiye. Ndiye aliyemvunja mzee mkono pia, nasikia."

Ofisini, Daktari alikuwa amekunja mikono ya shati na anasaini vyeti. Inspekta aliweka tofali juu ya vyeti.

"Hili ni nini, mama? Unanichafulia meza!"

"Vidole vitatu. Ukuta wako wa nyuma una vidole vitatu kwenye kila tofali. Nimeuhesabu mstari mmoja, nikazidisha. Matofali elfu mbili, kasoro machache. Uliyapataje?"

"Nilinunua."

"Kwa nani?"

"Kwa... jamani, kununua matofali nako ni jinai? Mtu kafiwa huko, mnamwacha muuaji, mnakuja kunihesabia ukuta!"

"Plasta ya king'ora nimeshaijua. Sista ameandika. Mzee alikuambia mara tatu kuhusu taa nyekundu, nimeandika. Sasa nataka kujua nani alimpa mfyatua matofali ufunguo wa tangi."

Daktari alisimama. Alikuwa mtu mrefu, na alizoea urefu huo kumsaidia. "Sikiliza, mimi ni mganga. Mambo ya boya na sijui nini ni ya mafundi. Kijana alikuja, kisima chake kimekauka, hana maji ya udongo. Akaniomba yale yanayomwagika. Yanamwagika bure! Jua halina mita, mama. Lingewaka tu. Nikamwambia haya, chukua, na pampu ikizimazima mapema lifunge lile dude ili lisikusumbue. Tumsaidie mtu, tuwe na ubaya?"

"Kwa matofali elfu mbili."

"Shukrani zake! Kwani nilimdai?"

"King'ora kilipolia siku nane zilizopita, kilikuwa kinakuambia nini?"

"Kilikuwa kinapiga kelele! Wagonjwa walikuwa hawalali!"

"Mmoja sasa amelala," alisema Inspekta. Hakupandisha sauti, na konstebo, aliyekuwa mlangoni, akatazama viatu vyake. "Wewe ulijua boya limefungwa, maana uliagiza lifungwe. Ulijua betri zinaisha, maana uliambiwa mara tatu, mara ya nne ukaambiwa na king'ora, ukakiziba mdomo. Na mtoto alipokufa, ukatoka uani mbele ya watu wenye hasira, ukawaonyesha rafu yenye simu. Wewe ndiye uliyewaonyesha, nimeuliza. Mzee wa miaka sitini na tisa. Chukua koti lako."

"Hunikamati. Huna mlalamikaji. Mlalamikaji amemlalamikia mlinzi, na nimeiona karatasi."

Hapo alisema kweli, na Inspekta alilijua hilo tangu alipoona alama ya vidole vitatu. Konstebo alionyesha saa. Saa tisa na dakika tano.

"Chukua koti," alirudia. "Tutakwenda kumwona."

Mfyatua matofali alikuwa amekaa peke yake juu ya rundo la matofali makavu, mbele ya nyumba ya chumba kimoja. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tano hivi, mikono imepasuka kwa udongo. Alipoliona gari alisimama.

"Mmeshampeleka yule mzee?"

"Bado."

"Bado! Mnasubiri nini? Au kwa kuwa mimi ni mtu wa udongo? Angekuwa mtoto wa mkubwa mngekuwa mmeshamfunga! Niambieni basi kama hamuwezi, nitakuja mwenyewe kuimaliza kazi. Mkono mmoja umebaki!"

Inspekta alimwacha amalize. Kisha akautoa mfuko wa ushahidi, akauweka juu ya tofali, fundo likaonekana.

"Hili ulilifunga lini?"

Kijana alilitazama bila kuelewa. "La tangini hilo. Wiki tatu. Daktari aliniruhusu, si huyo ndani ya gari, muulize. Ni maji ya kumwagika tu. Kuna shida gani?"

Alimweleza. Alitumia sentensi nane, zote fupi, kwa mpangilio ule ule alioukuta kwenye mchoro wa fundi: tangi, boya, pampu, betri, mashine. Hakuongeza neno la kumpoza wala la kumkandamiza. Alipofika neno la mwisho, kijana alikuwa anatikisa kichwa.

"Hapana. Hapana, afande. Jua halina mita."

"Paneli zina kiasi chake. Kila ndoo iliyokuja hapa ilitoka kwenye betri."

"Unaongopa. Mnamtetea mzee! Mnanibambikia mimi, mwanangu mwenyewe, mimi nimuue mwanangu? Ondokeni! Ondokeni kwangu!" Alinyanyua tofali. Konstebo aliruka mbele, Inspekta akamrudisha kwa kiwiko.

"Sijasema umemuua. Nimesema kilichotokea. Daktari alijua, wewe hukujua. Hayo ni mambo mawili na mahakama itayatenga. Lakini saa kumi kamili gari linaondoka na mzee asiyehusika, kwa karatasi yenye dole gumba lako. Nina picha, nina fundo, nina sista. Nikianza kuyapeleka kwa mkuu wa kituo bila wewe, atayasoma kesho kutwa. Mzee ana mkono uliovunjika na hajaona daktari. Hatoki huko mzima."

Tofali lilikuwa bado juu. Mlangoni pa nyumba alikuwa amesimama mkewe, amejishika ukuta kama mtu aliyejifungua juzijuzi, kwa sababu alijifungua juzijuzi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu sentensi ya ngapi.

"Mume wangu," alisema. "Panda gari."

"Mama mtoto, wanasema..."

"Nimesikia wanachosema. Mimi ndiye niliyeshika tochi. Babu yule alikuwa mlangoni pa wodi, analia, anauliza kama kuna kitu afanye. Wewe ulikuwa hapa umelala, ukaja asubuhi ukamvunja. Panda gari."

Tofali lilishuka taratibu mpaka likagusa mengine. Kijana alipanda kiti cha nyuma. Daktari alijisogeza hadi mwisho wa kiti, bega lake likagusa mlango, na njia nzima hakuna aliyemgusa mwenzake. Mara moja tu kijana alimgeukia.

"Ulijua?"

Daktari alitazama dirishani.

"Nimekuuliza, Daktari. Ulijua?"

"Konstebo," alisema Inspekta, "endesha haraka kidogo."

Kituoni, gari la mahabusu lilikuwa linanguruma, nyuma yake pamefunguliwa, na askari wawili walikuwa wanamnyanyua Babu Chaji kwa ule mkono mzima. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita. Inspekta aliwaambia wamweke chini. Wakasema wana amri. Akawaambia wamweke chini, na safari hii wakamweka.

Mkuu wa kituo alikuwa mezani, kofia kichwani tayari kwa kwenda nyumbani. Alimwona mfyatua matofali mlangoni, akanyoosha mkono wa pole.

"Kijana wangu, tunampeleka, usijali. Haki yako utaipata."

"Nimekuja kuandika upya," alisema kijana.

"Kuandika nini?"

"Malalamiko yangu juu ya yule mzee nayafuta. Hakufanya kitu." Sauti yake ilikuwa kavu kama udongo wa tanuri. "Kumvunja mkono, hilo liandikwe peke yake, nilimvunja mimi. La mtoto liandikwe peke yake. Mshitakiwa wa pili, Daktari. Yuko hapo nje."

Mkuu wa kituo alimtazama Inspekta, kisha akavua kofia. Akafungua kitabu. Akaandika tarehe na saa, akaacha mstari.

"Wa pili Daktari," alisema. "Na wa kwanza?"

Kijana aliweka mikono yake miwili iliyopasuka juu ya meza, viganja juu.

"Wa kwanza si unaye hapa," alisema. "Andika."